Usifute kwanza: majibu mawili ya aljebra yanaweza kuwa jibu moja

Kuna kitu nakiona sana kwenye tuisheni hapa Mbeya na kinaniuma kuliko mtoto kukosa swali, nacho ni mtoto kupata swali alafu akafuta. Yaani kafanya kazi yote vizuri, kafungua mabano, kakusanya vinavyofanana, kafika mwisho kaandika 2(x + 3)(x − 1), kisha anafunua nyuma ya kitabu anakuta wameandika 2x² + 4x − 6, basi anashika ufutio anafuta kazi nzima, hata hajiulizi. Wengine hawafuti, wanafanya kibaya zaidi, wanaliandika lile la kitabu chini ya kazi yao kana kwamba limetoka hapo, mstari wa mwisho hauna undugu wowote na wa juu yake. Ukimuuliza anakwambia "Ticha, mi nilipata nyingine." Hukupata nyingine mwanangu, umepata hiyohiyo.

Hesabu imekuwa somo linaloangusha wengi kidato cha nne kwa miaka na miaka, matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) yakitoka kila mtu ana la kusema, mara walimu hawatoshi, mara watoto hawapendi, mara lugha, na yote yana ukweli wake (mtoto katoka shule ya msingi anajua rahisisha, anafika sekondari anakutana na simplifai (rahisisha) na ekspandi (fungua mabano) na faktaraizi (rudisha kwenye mabano yanayozidishana) kwa mpigo, lazima ayumbe kidogo). Lakini nikikaa na vijana jioni naona kitu kinachotangulia hivyo vyote: mtoto hana njia yake mwenyewe ya kujua kama kapata. Anasubiri vema ya mwalimu au majibu ya nyuma ya kitabu. Na kwenye aljebra njia hiyo ipo, ni ya bure, inataka tu uelewe mitajo miwili (mtajo ni kama 2x² + 4x − 6, namba na herufi zilizounganishwa) ikiitwa sawa, usawa wenyewe uko wapi.

Shule ya msingi alama ya = tunaizoea kama amri. 7 + 5 = maana yake haya, toa jibu. Kwenye aljebra ile alama haikuamuru kitu, inadai. Ukiandika (x + 2)(x + 3) = x² + 5x + 6 unadai kwamba mtu achukue namba yoyote anayotaka, chanya, hasi, sehemu, desimali, aiweke mahali pa x kushoto, aiweke na kulia, pande zote mbili zitampa kitu kilekile. Namba zote, bila kubagua. Aliyeileta hiyo alama ni Robert Recorde wa Wales, mwaka 1557, alichoka kuandika "ni sawa na" kila mara akachora mistari miwili sambamba, hoja yake ikiwa hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuzidi hivyo. Mi naipenda sana hiyo hoja na huwa nawaambia vijana waishike.

Sasa x² + 5x + 6 = 0 ni habari tofauti kabisa. Hii ni kweli kwa x = −2 na x = −3 tu, kwingine kote ni uongo, na kazi yetu ni kuzitafuta hizo namba. Ile ya kwanza haina cha kutafuta, x ni yeyote. Kuchanganya hizi mbili ndo kunazaa kosa moja ninalokutana nalo karibu kila jioni, mtoto anaambiwa arahisishe 2x² + 4x − 6, anaona zote zinagawanyika kwa mbili, anagawanya, anaandika x² + 2x − 3, kamaliza. Kwenye mlinganyo wenye sifuri upande wa pili ungegawanya bila shida maana sifuri gawanya kwa mbili inabaki sifuri. Hapa hakuna upande wa pili. Umechukua kitu ukakifanya nusu yake. Weka x = 10, cha kwanza kinatoa 234, chako kinatoa 117. Hiyo mbili haitupwi, inakaa nje ya mabano: 2(x² + 2x − 3).

Nyanda za Juu Kusini biashara ya miti kila mtu anaijua, ukipita Mafinga ni mbao na nguzo mwanzo mwisho, kwa hiyo niliwapa vijana swali la miti. Shamba la mraba, unapanda miti ya mpaka kuzunguka, kila upande una miti n ukihesabu na ile ya kwenye kona. Jumla mingapi? Nikasema kila mtu aandike anavyohesabu yeye, asichungulie kwa jirani.

Mmoja akasema pande ziko nne kila mmoja una n, ila ya kona nimeihesabu mara mbili, natoa minne, 4n − 4. Binti mmoja wa Uyole akasema mi kila upande nachukua kona moja, ile ya mwisho nauachia upande unaofuata, 4(n − 1). Wa tatu kachukua upande wa juu na wa chini mzimamzima, wa pembeni kaondoa kona zilizokwisha kuhesabiwa, 2n + 2(n − 2). Wa nne huyo ndo alinifurahisha roho, kasema jaza miti shamba lote, inakuwa n², alafu ng'oa yote ya ndani, na ya ndani nayo ni mraba wenye n − 2 kila upande, inabaki n² − (n − 2)².

Ubishi ukaanza, nani kapata. Nikasema wekeni n = 10. Arobaini toa nne, 36. Nne mara tisa, 36. Ishirini jumlisha kumi na sita, 36. Mia toa sitini na nne, 36. Basi ubishi ukahama, badala ya nani kapata ikawa kwa nini zinafanana, na hapo ndo nilikuwa nawataka wafike. Maana mitajo hii minne kila mmoja umebeba kumbukumbu ya jinsi mtu alivyoliangalia shamba. Ukisoma 4(n − 1) unamuona yule binti anavyozunguka mpaka kona hadi kona. Ukisoma n² − (n − 2)² unaona shamba limejaa alafu limefyekwa katikati. Kurahisisha kunazileta zote kwenye 4n − 4, ambayo ni fupi na inakokotoleka haraka, lakini ile safari ya kuhesabu haionekani tena humo. Kwa hiyo fomu iliyorahisishwa ina faida na ina hasara, na mi sipendi watoto waaminishwe kwamba ndo jibu la kweli na zile zingine ni kazi ambayo haijaisha.

Hiyo ya nne inastahili tukae nayo, ndo yenye mtego. MAGAZIJUTO tuliyokariri wote (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inasema mabano kwanza, sawa, lakini ndani ya mabano kuna n − 2 na hiyo huwezi kuitoa, n hujui ni ngapi. Watoto wengi wanakwama hapa na wanadhani ni wao hawana akili, kumbe kanuni waliyonayo ilitengenezwa kwa namba tupu. Kwenye aljebra mabano hayafanywi, yanafunguliwa, kila kilichoko nje kinazidisha kila kilichoko ndani. (n − 2)² ni (n − 2)(n − 2), inatoa n² − 2n − 2n + 4, yaani n² − 4n + 4. Kisha kuna ile alama ya kutoa mbele, na yenyewe inagusa vyote vitatu: n² − n² + 4n − 4. Anayegeuza cha kwanza peke yake anapata n² − n² − 4n + 4, yaani −4n + 4, na kwa n = 10 hiyo ni −36. Miti hasi haipandwi. Uzuri wa swali lenye shamba ndani yake ni huo, shamba lenyewe linakataa jibu bovu.

Kukusanya vinavyofanana nako kuna ugonjwa wake, 3x² + 5x = 8x³. Mtoto kajumlisha namba za mbele, kajumlisha na vipeo (x² na x, mbili na moja, tatu). Ukimwambia "haviunganishwi kwa sababu havifanani" anakariri leo, kesho kasahau. Mwambie aweke kumi. 3x² ni 300, 5x ni 50, jumla 350. 8x³ ni 8,000. Hakuna atakayebisha. Alafu ndo umweleze kwamba 3x² ni mamia matatu na 5x ni makumi matano, na toka darasa la pili anajua mamia hayajumlishwi na makumi kwenye safu moja.

Hii namba kumi naisisitiza kwa sababu. Ukitaka kujipima kwenye aljebra, namba unayochagua ina maana kubwa. Usichague sifuri, inafuta kila chenye x, unabaki kupima kipande cha mwisho peke yake. Ndo maana (x + 3)² na x² + 9, ambazo sio sawa hata kidogo, zinakubaliana pale kwenye sifuri, zote 9. Usichague moja, maana kwa moja x na x² na x³ zote ni moja, vipeo vyote vinajificha. Na mbili nayo siiamini, mbili jumlisha mbili ni nne, mbili mara mbili ni nne, mbili kipeo cha pili ni nne, makosa ya aina tatu tofauti yanapita bila kuonekana. Chukua tatu, chukua tano, na ukiweza chukua kumi, maana kumi inakusomea mtajo wenyewe: (x + 2)(x + 3) ukiweka kumi ni 12 × 13, nayo ni 156. Angalia tarakimu, 1, 5, 6. x² + 5x + 6. Namba za mbele zimejipanga mbele yako. Zikiwa kubwa zinaanza kupandana, basi weka mia, 102 × 103 ni 10,506, moja, tano, sita tena, zimeachiana nafasi. Nimeona kijana wa kidato cha pili akigundua hii mwenyewe akawa anafungua mabano kwa kuzidisha 102 mara 107 kichwani, na mimi sikumkataza, nilimwambia tu aniandikie kwa nini inafanya kazi.

Sasa swali la haki kabisa ambalo mtoto mwerevu atauliza: nikijaribu namba moja zikakubaliana, nitajuaje kama kwa namba zingine zote zitakubaliana? Si nimesema madai ni ya namba zote, na namba haziishi?

Hapa hesabu inatupa zawadi ambayo binafsi naona inafundishwa kidogo mno. Mitajo hii ya x na vipeo vyake, polinomia, imefungwa na kipeo chake kikubwa kabisa. Kama mitajo yako miwili haina kipeo kinachozidi 2, zikikubaliana kwa namba tatu tofauti basi ni sawa kwa namba zote, imeisha hiyo. Kipeo cha 3, namba nne zinatosha. Kipeo cha 10, namba kumi na moja. Sababu yake haina uchawi. Toa mmoja kwenye mwingine, unapata mtajo wa tofauti yao. Kila namba ambayo mitajo miwili inakubaliana, tofauti yao hapo ni sifuri. Na polinomia ikiwa sifuri kwenye x = a, basi (x − a) inaigawanya bila baki. Kwa hiyo sehemu tatu za kukubaliana zingedai mabano matatu yanayozidishana, (x − a)(x − b)(x − c), ukiyafungua hayo unapata x³, lakini sisi tumesema hakuna kipeo kinachozidi 2. Haiwezekani, labda tofauti yenyewe iwe haipo kabisa, sifuri tupu. Nayo ikiwa sifuri tupu maana yake mitajo ni mmoja.

Angalia inavyobana kweli. Chukua x³ na x. Zinakubaliana kwa −1, kwa 0, na kwa 1, sehemu tatu, mtu mwenye haraka angesema basi ni sawa. Lakini kipeo ni 3, unadaiwa namba ya nne, weka 2, moja inasema 8 nyingine 2. Tofauti yao ni x³ − x, ambayo ukiifaktaraizi ni x(x − 1)(x + 1), na mabano yanakuonyesha yenyewe zile sehemu tatu. Zikiwa herufi mbili, x na y, mambo yanapanuka, unahitaji kila namba ya x uijaribu na kila namba ya y, lakini wazo ni lilelile.

Nasema zawadi kwa sababu kwingine kwenye hesabu kujaribu namba chache hakukupi uhakika wowote. Mwaka 1772 Leonhard Euler alionyesha n² − n + 41. Weka 1 unapata 41, weka 2 unapata 43, kisha 47, 53, 61, zote namba tasa (zisizogawanyika ila kwa moja na zenyewe), na unaendelea hivyo hadi n = 40 bila kukosa hata moja. Arobaini mfululizo! Nani asingeapa kwamba inatoa tasa daima? Weka 41, unapata 41 mara 41, yaani 1,681, sio tasa. Na ona, ungeuandika huo mtajo kama n(n − 1) + 41 ungeiona ajali kabla hujafika, ukiweka 41 una 41 × 40 na 41 moja ya kuongeza, jumla arobaini na moja mara arobaini na moja. Fomu moja ilificha, nyingine ikaweka wazi. Kwa hiyo majaribio arobaini hayakutosha kuthibitisha kwamba zote ni tasa, wakati kwa usawa wa mitajo miwili ya kipeo cha pili majaribio matatu yanatosha kabisa, maana dai la utasa halina kipeo cha kulifunga.

Turudi kwenye fomu. Noti ya elfu kumi na chenji yake ya mia tano tano ni hela ileile, ila kwa konda asubuhi unaijua tofauti. Ndo naona fomu za polinomia hivyo, swali la "ipi sahihi" linakufa, linakuja swali la "nataka kufanya nini nayo".

Mama mmoja jirani ana wavu wa mita 40 anataka azungushie banda la kuku, umbo la mstatili. Upande mmoja ukiwa x, upande wa pili ni 20 − x, eneo ni x(20 − x). Fomu hii inakwambia mipaka, ukifanya x iwe sifuri au ishirini huna banda, una wavu uliokunjwa. Ifungue, 20x − x², hii inafaa kama unataka kujumlisha na kitu kingine au kulinganisha na banda la mwenzako. Lakini swali la mama ni lipi litakuwa kubwa zaidi, na hizo mbili zote hazimjibu kwa haraka. Iandike hivi: 100 − (x − 10)². Ni uleule, fungua uone, (x − 10)² ni x² − 20x + 100, itoe kwenye mia inabaki 20x − x². Sasa soma. Mia, toa kitu ambacho hakiwezi kuwa hasi. Kwa hiyo eneo halizidi mita za mraba 100 kamwe, na linafika mia pale tu x inapokuwa 10, banda la mraba. Na zaidi ya hapo inakwambia gharama ya kukosea, ukipima vibaya kwa mita moja unapoteza mita moja ya mraba tu, ukikosea mita tatu unapoteza tisa. Mama alifurahi zaidi na hiyo ya mwisho, maana kiwanja chake hakiruhusu kumi kwa kumi, ilibidi iwe 9 kwa 11, akajua anapoteza mita moja ya mraba na roho yake ikatulia.

Ujanja huo wa kutengeneza mraba ni wa zamani sana. Al-Khwarizmi wa Baghdad, miaka ya 820 hivi, alikuwa na swali ambalo leo tungeliandika x² + 10x = 39. Yeye hakuwa na x wala alama ya kujumlisha, aliandika yote kwa maneno, akachora. Mraba wenye upande x, pembeni yake mistatili miwili kila mmoja upana 5 urefu x, na kwenye kona pakabaki nafasi wazi ya 5 kwa 5. Ijaze, ni 25. Sasa una mraba mkubwa kamili wa upande x + 5, na eneo lake ni 39 jumlisha 25, 64, upande ni 8, x ni 3. Alichofanya ni kuona kwamba x² + 10x na (x + 5)² − 25 ni kitu kimoja. Mchoro huo huwa nawachorea vijana kabla ya fomula yoyote, na naomba walimu wenzangu mnaosoma hapa mfanye hivyo, kipande cha chaki na ubao vinatosha.

Kwenye pesa pia. Vikundi vya kukopeshana, riba asilimia 10 kwa mwezi, umechelewa miezi miwili na riba inazaa riba. Riba ya mwezi tuiite r, hapa ni 0.1, basi unadaiwa mkopo mara (1 + r)². Hiyo ni ya kukokotoa haraka, 1.1 mara 1.1 ni 1.21. Lakini mtu aliyekopa laki tano anashangaa kwa nini anadaiwa 605,000 na sio 600,000, na fomu fupi haimwelezi. Ifungue: 1 + 2r + r². Moja ni ile laki tano yako. 2r ni riba ya miezi miwili, laki moja. r² ni elfu tano, riba ya riba ya mwezi wa kwanza. Kilichomshangaza kina jina lake na kina sehemu yake kwenye mstari. Na mtoto aliyezoea kuandika (1 + r)² = 1 + r² huyo kaiacha ile laki nzima barabarani.

Tahadhari moja kabla sijamaliza, maana mtihani unaipenda. (x² − 9)/(x − 3). Juu ni (x − 3)(x + 3), chini ni x − 3, unakata, inabaki x + 3. Ni kweli kwa kila namba isipokuwa 3 yenyewe, kwa sababu pale chini panakuwa sifuri na kugawanya kwa sifuri hakuna maana, wakati x + 3 inatoa 6 bila wasiwasi. Kwa hiyo andika pembeni kwamba x sio 3. Ukigawanya kwa kitu chenye herufi, siku zote jiulize hicho kitu kinakuwa sifuri lini.

Na kwa wanaotumia kikokotoo cha kitochi (simu ndogo ya batani): 2x³ − 5x² + 3x + 7 usiikokotoe hivyo ilivyo, iandike ((2x − 5)x + 3)x + 7. Kwa x = 4 ni 8 toa 5, 3, mara 4, 12, ongeza 3, 15, mara 4, 60, ongeza 7, 67. Umezidisha mara tatu badala ya mara sita. Wachina walikuwa na njia hii, Qin Jiushao aliitumia kwenye kazi yake ya 1247, huku Ulaya wakaiita kwa jina la Horner, Mwingereza aliyeiandika 1819.

Nawaachia moja ya kufanya leo usiku, kipeo cha nne. n⁴ + 4. Haionekani kabisa kama inagawanyika, hakuna cha kutoa nje, na ukiilinganisha na sifuri haina jibu hata moja kwenye namba za kawaida. Lakini weka kumi: 10,004, nayo ni 82 × 122. Weka tatu: 85, ambayo ni 5 × 17. Weka tano: 629, ambayo ni 17 × 37. Angalia 82 na 122 kwa jicho la kumi kama tulivyofanya juu, 122 inajisoma yenyewe, n² + 2n + 2. Ile 82 tafuta mwenyewe, kumbuka alama ya kutoa, kisha zidisha mabano yako mawili uone kama n³ na n² zinafutana.